Kibuyu Kilichokataa

Huko chini ya Sosiot hapakuwa na mwanamke aliyejua kulaza maziwa kama Priscah, na kama hukuwa na habari hiyo, Priscah mwenyewe angekupa. Alikata tawi la mti wa senetwet kwa mkono wake, akalichoma, akasugua kibuyu ndani kwa mkaa wake mpaka mikono ikawa myeusi hadi viwikoni. Kisha akamimina maziwa yaliyochemka na kupoa, akafunga kifuniko, akakiweka kibuyu kwenye kona ya giza ya stoo. Siku ya kukifungua, harufu ya mursik, maziwa hayo yaliyochacha, ilifika kwa jirani kabla ya salamu. Wageni wa kanisa walipokuja, mchungaji aliuliza kibuyu cha Priscah kiko wapi kabla hajauliza Biblia yake, na Priscah aliinamisha uso kwa unyenyekevu ambao haukumdanganya mtu yeyote.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Alhamisi, mwaka wa sabini na nne, alipofungua kibuyu kidogo cha mke wa mwanawe, aliona kama ametukanwa mbele za watu. Maziwa yalikuwa yamelala tu. Hayakuganda, hayakuchacha, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichosahauliwa. Alionja akatema. Tena haikuwa mara ya kwanza. Tangu mvua kubwa zianze, vibuyu vyake vingine vyote viliiva kama kawaida, lakini hiki kimoja chenye ushanga mwekundu shingoni, cha Elmina, kilikataa. Alikisugua upya, akakichoma upya, akabadilisha hata ng'ombe wa kukamua. Kilikataa vilevile.

Naye Elmina alikuwa amelazwa hospitalini Kericho, na kesho yake angepasuliwa tumbo.

Mkristo hasemi kwamba kibuyu kinaweza kumlilia mtu kabla ya wakati wake. Priscah hakusema. Aliliwaza tu, akijifunga leso, na hofu ikamkaa kifuani asubuhi nzima. Vibuyu vikubwa vilikuwa vimekwenda kwenye harusi ya watu, kwa hiyo alikichukua hikihiki kilichokataa. Kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu hakuweza.

Ugonjwa ulikuwa umeanza mwaka uliopita. Elmina alikuwa akichuma chai na wenzake, mara anaweka kikapu chini na kukimbilia vichakani. Mwanzoni wenzake walimtania kwamba amekunywa uji wa jana. Baadaye damu ikaanza kutoka, na utani ukaisha. Kwenye dispensari walimpa dawa ya amiba, kisha ya minyoo, kisha ya amiba tena. Mwishowe akafika kwa Daktari Ogari, Mkisii kijana aliyekulia mpakani kule Sotik, ambaye alimtazama utumbo kwa mpira wenye taa na kusema kwamba hii si amiba. Utumbo mkubwa wenyewe ulikuwa na vidonda, kana kwamba mwili umegeuka kujipiga. Kwa nini? Daktari alisema hakuna anayejua kwa hakika. Akampa tembe kubwa za rangi ya machungwa, za kumeza kila siku bila kuruka.

Tembe zilisaidia, ila zilisaidia polepole, na Priscah hakuumbwa kwa mambo ya polepole. Jioni moja alimkuta mwanawe Kipkemoi kwenye banda, akimtazama ndama aliyekuwa akihara juzi tu na sasa anarukaruka. Kipkemoi alikuwa amemnunulia mkebe wa unga wa dawa ya ndama. Hapo Priscah alifoka.

"Huyu alihara siku moja, ukakimbia mpaka mjini kumtafutia dawa. Mke wako anatoka damu mwaka mzima, wewe umekaa unangoja Mkisii na tembe zake. Angekuwa ndama wako, angekuwa amepona zamani!"

Kipkemoi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliinama akaendelea kukoroga pumba za ng'ombe. Priscah naye, kufika jikoni, alikuwa ameshasahau alichosema. Ndivyo alivyokuwa mama huyu: maneno yalimtoka yakiwa ya moto, na hakungoja kuona yameangukia wapi.

Tangu wiki zile Elmina alianza kurudi nyuma. Damu iliyokuwa imebaki alama ikawa nyingi tena, mashavu yakaingia ndani. Daktari aliongeza tembe, wapi. Akamlaza, akamtundikia dripu. Kisha akakataza maziwa, kwa sababu wako wagonjwa wa namna hii wanaopata nafuu wakiyaacha. Priscah aliposikia hivyo aliitika kwa kichwa kama mtoto wa shule, na siku ya kumwona mgonjwa akaingia na kibuyu chini ya leso. Aliyekunywa mursik tangu utotoni, aliwaza, atapata nguvu wapi kwingine?

Sasa mpasuaji alikuwa anakuja kutoka Kisumu. Utumbo mkubwa wote ungetolewa, na choo kingetokea kwenye tundu la tumbo na kuingia katika mfuko, siku zote za maisha yake. Hiyo ni kama angeamka baada ya kisu, maana damu yake ilikuwa chache na moyo umechoka. Elmina alipoelezwa, aliuliza, "Nitachuma chai namna gani, kikapu mgongoni na mfuko mbele?" Akacheka peke yake. Halafu akageukia ukuta akalia, na Priscah akamvutia blanketi mabegani.

*

Alhamisi ile walifika katika wadi pamoja, Priscah na Kipkemoi, mvua ikipiga mabati. Elmina alikuwa amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa. Priscah aliketi ukingoni mwa kitanda, akatazama kulia, akatazama kushoto, akachomoa kibuyu.

"Kunywa kidogo, mtoto wangu. Kidogo tu."

"Mama, mkono wako umebadilika," Elmina alisema kwa sauti nyembamba. "Siku hizi haina uchachu. Ina uchungu."

Priscah alikuwa bado amemsogezea kibuyu wakati kivuli kilipoangukia shuka. Sista Mellen, muuguzi wa wadi, alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Mama! Nimekuambia mara ngapi? Unataka kuua huyu msichana?"

Alikichukua kibuyu, akakipeleka moja kwa moja kwa Daktari Ogari aliyekuwa kitanda cha tatu. Wadi nzima ikageuza shingo. Priscah alitamani sakafu ifunguke. Daktari alikuja na kibuyu mkononi, uso umekaza. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama Kipkemoi, nilikuomba kitu kimoja tu."

"Ni maziwa tu, Daktari."

Daktari alifungua kifuniko, pengine ili aone ni kiasi gani kilichonywewa. Akanusa. Akakunja uso, akanusa tena. Mtu aliyekulia Sotik, hata awe Mkisii, amekunywa mursik kwenye nyumba za wenzake.

"Hii sio mursik," alisema. "Hii ni maziwa na makaa."

Hapo kiburi kilimshinda Priscah akili. Aliinuka kutoka kitandani.

"Si mkono yangu! Uliza mtu yeyote Sosiot. Vibuyu yangu yote inaiva, hii moja ndio imekataa. Nimeosha, nimechoma, bado inakataa. Tangu mvua ianze inakataa!"

Sista Mellen alitaka kucheka. Daktari hakucheka. Alibaki anatazama ndani ya kibuyu, na sauti yake ikashuka.

"Tangu mvua ianze. Na Elmina alianza kurudi nyuma lini?"

Elmina aligeuza kichwa kwenye mto.

"Mama, ng'ombe akidungwa dawa ya chuchu, maziwa yake unapeleka kwa dairi?"

"Hapana. Wanarudisha. Hiyo haigandi."

"Kwa nini haigandi?"

"Dawa inaharibu."

"Dawa inaua vile vijidudu vidogo vya kuchachua maziwa. Sasa niambie, kuna ng'ombe anatibiwa kwenu?"

"Hakuna," alisema Priscah. "Hata moja. Isipokuwa ile ndama, na hiyo ilipona kitambo."

Alisema hivyo akamgeukia mwanawe ili amuunge mkono, na alichokiona usoni mwa Kipkemoi kilimkata maneno. Kijana yule mkubwa, mwenye mabega ya kubeba gunia la chai bila kuguna, alikuwa anatetemeka midomo.

"Mimi ndio niliweka," Kipkemoi alisema.

"Uliweka nini?" Daktari aliuliza.

"Unga ya ndama. Mama akishafunga kibuyu, mimi nafungua, naweka nusu kijiko. Ndama anapewa kijiko mzima. Nilisema mtu ni kidogo kwa ng'ombe, nusu inatosha." Akameza mate. "Alipozidi kuwa mgonjwa, nikaongeza."

Elmina alikuwa amefumbua macho yote mawili, anamtazama mumewe.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?" Daktari aliuliza.

Kipkemoi alimtazama mama yake, mara moja tu, haraka. Kisha akatazama viatu vyake.

"Hakuna mtu. Ni mimi tu."

Na papo hapo Priscah akaisikia sauti yake mwenyewe kule bandani, kila neno na moto wake. Angekuwa ndama wako. Akakaa. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mdomo ule haukutoa kitu.

*

Daktari Ogari alivuta kiti akakaa, maana aliona hawa si watu wa kugombezwa sasa. Aliwaambia kwamba ile tembe ya machungwa ni kama mzigo uliofungwa kamba. Inapita tumboni ikiwa imefungwa, na ikifika utumbo mkubwa inakutana na bakteria wanaokaa huko, maelfu kwa maelfu. Wale si wa ugonjwa. Ni wapangaji wa siku zote, kila mtu anao. Wao ndio wanaoikata ile tembe vipande viwili, na hapo ndipo dawa inapotoka. Jambo hilo wataalamu wa ng'ambo walikuwa wameligundua juzi juzi tu.

"Na unga wa ndama?" Elmina aliuliza.

"Unga wa ndama unaua wapangaji. Halafu tembe inafika, inakuta nyumba tupu. Inapita vile ilivyo."

"Kwa hivyo hao wadudu ni wazuri?" aliuliza Priscah, polepole.

Daktari alisita. "Hapo sijui, Mama. Wako wanaosema ugonjwa wenyewe unaanzia kwa hao hao. Ati mwili unagombana na wapangaji wake, vita inaunguza nyumba. Wengine wanasema sivyo. Mimi najua kitu kimoja: bila wao, tembe yangu ni mawe. Na hata hili la unga, ni mawazo yangu tu. Pengine ugonjwa umezidi wenyewe."

Akasimama. Aliagiza mkebe uletwe aone ni dawa gani, akaamuru kwamba chochote kisipite mdomoni mwa Elmina ila kile ambacho Sista Mellen amekileta kwa mkono wake. Kipkemoi alimimina maji ya hospitali kwenye kikombe, akampelekea mkewe. Elmina alikitazama kikombe, halafu akamtazama yeye.

"Weka chini," alisema. "Toka nje."

"Elmina..."

"Ungeniambia, ningekataa. Ndiyo sababu hukuniambia. Toka."

Kipkemoi alitoka akasimama verandani, mvua ikimrushia matone. Priscah alijua huo ndio wakati wa kusema. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini Elmina alikuwa amefumba macho, Sista alikuwa karibu, watu walikuwa wanasikiliza, na sababu hizo zote zilimtosha. Alikuwa mwoga, basi, na tusimpambe.

Mpasuaji alifika Ijumaa asubuhi, mtu mzima wa nywele za mvi. Alibonyeza tumbo la Elmina kwa vidole virefu, akamsikiliza Ogari hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Habari yako ni nzuri, daktari, lakini huu utumbo ukitoboka wenyewe usiku, mimi sitakuwa na la kuokoa. Nikimpasua leo ana nafasi."

"Nafasi kiasi gani?"

"Ndogo. Lakini ipo."

"Nipe siku chache. Unga umekoma. Wapangaji wakirudi, tembe zitafanya kazi."

"Na wasiporudi?"

Walibishana kwa Kiingereza, na Priscah aliyesimama mlangoni hakuelewa ila sura zao. Hatimaye Ogari aliinama kitandani, akamwambia Elmina yote kwa Kiswahili bila kuficha: kwamba kungoja kunaweza kumwokoa na kunaweza kumuua, na kwamba yeye Ogari anaweza kuwa amekosea.

"Nangoja," alisema.

"Nakaa Kericho mpaka Jumapili," mpasuaji alisema. "Homa ikipanda au tumbo likivimba, simuulizi mtu."

Jumamosi homa ilipanda. Ilianza saa za chai, mwili ukitetemeka mpaka kitanda cha chuma kikalia. Sista Mellen aliweka kipimo, akakisoma, akatoka mbio. Mpasuaji akaitwa. Walimvua Elmina ushanga wa shingoni na pete, wakaileta machela karibu na mlango. Priscah aliishika ile pete kiganjani na kuomba, na maombi yake hayakuwa na mpangilio wowote, yalikuwa ni jina la Mungu tu na jina la Elmina, yakifuatana. Kupitia dirishani alimwona Kipkemoi akiwa amechuchumaa verandani, kichwa katikati ya magoti. Tangu juzi hakuwa ameingia. Elmina hakutaka.

Mpasuaji alibonyeza tumbo. Akabonyeza tena, taratibu, upande huu na upande ule, Ogari akimtazama uso.

"Bado ni laini," alisema mwishowe. "Utumbo haujatoboka. Nakaa hapa hapa."

Aliketi kwenye kiti cha Priscah, koti limefungwa vifungo, kama mtu anayengoja basi. Machela haikuondolewa mlangoni. Jua lilishuka nyuma ya mashamba, taa zikawashwa, na homa ilikaa pale pale, haikupanda tena. Kulipokucha ilikuwa imeanza kushuka.

Jumapili, kengele ya kanisa ikilia mjini, Sista Mellen alipita na beseni lililofunikwa kitambaa. Alisimama mbele ya Priscah, akainua pembe ya kitambaa. Mwanamke mwingine angegeuza uso. Priscah aliinama akatazama kama anavyotazama ndani ya kibuyu.

"Damu iko," alisema.

"Iko. Lakini linganisha na ya juzi."

Priscah alilinganisha. Machozi yalimtoka kabla hajamaliza.

Mpasuaji aliondoka mchana huo bila kumpasua mtu. Alimpa Ogari mkono na kumwambia kitu kilichomfanya kijana yule acheke kwa mara ya kwanza juma lile. Daktari alirudi akaonya kwamba safari bado, kwamba ugonjwa huu hupumzika na kuamka, na kwamba kilichopatikana leo ni muda. Akaenda zake kulala.

Elmina alikuwa ameinuliwa kwa mito. Priscah alimrudishia pete. Elmina aliishika, hakuivaa.

"Kipkemoi yuko nje?" aliuliza.

"Yuko."

"Amekula?"

"Hajala."

Elmina aliigeuza pete kiganjani. Priscah alijua kwamba akinyamaza, mambo yatajipanga yenyewe: mwanawe atabeba lawama, atasamehewa siku moja au hatasamehewa, na hakuna atakayejua. Kipkemoi asingesema kamwe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, pale pale alipokaa Alhamisi.

"Elmina. Ule unga haukutoka kwa kichwa cha mume wako. Ni mimi. Nilimwambia bandani, nikamwaibisha. Nilisema ungekuwa ndama wake, ungekuwa umepona. Yeye alinisikia mimi, mama yake. Halafu akanificha mbele ya daktari, na mimi nikakubali kufichwa."

Alingoja. Hakuthubutu kuinua macho.

"Mama," Elmina alisema, "jioni ile nilikuwa nyuma ya banda nakata majani ya ng'ombe. Nilisikia kila neno."

Priscah aliinua uso.

"Tangu Alhamisi, yeye aliposema hakuna mtu, nilijua anakuficha. Nikasema, wacha ningoje. Nione kama Mama atamwacha mtoto wake asimame kwa mvua."

Aliivaa pete. Kidole kilikuwa kimekonda, pete ikazunguka, ikabidi aishike kwa kidole kingine isianguke.

"Sasa mwite aingie," alisema. "Na umwambie alete kile kikombe cha maji."